Jicho la Mlisha Samaki

Samaki aliyekonda hatazamwi tumboni kwanza. Hutazamwa kwa juu. Liinamie tangi la kioo, au simama ukingoni mwa bwawa ambalo maji yake yametulia, kisha ulinganishe kichwa na mwili. Samaki wa dhahabu mwenye siha hupanuka nyuma ya kichwa ndipo aanze kupungua kuelekea mkiani. Aliyekonda huanza kupungua papo hapo nyuma ya mashavu, kichwa kikabaki kikubwa peke yake.

Baada ya hapo mtazame ubavuni. Tumbo lililoingia ndani lina habari za siku chache tu: huenda amekosa chakula tangu juzi, na akilishwa vizuri litarudi kabla ya wiki kwisha. Mgongo ndio wenye habari nzito. Nyama za pande mbili za uti zikishaliwa na mwili wenyewe, mgongo ukawa na makali, ujue shida imeanza zamani, na kummwagia chakula zaidi leo hakutaifikia.

Tofauti hiyo kati ya tumbo tupu na mgongo mkali haijaandikwa kwenye mfuko wa chakula. Hupatikana kwa kutazama, tena kutazama kwa muda mrefu, na wanaoijua katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Embu na Meru, si wengi. Wako wanaouza samaki wa mapambo katika vyumba vidogo vilivyobanwa kati ya maduka mengine. Wako wanaofuga trauti kwenye vijito vya mlimani. Kazi yao haisifiwi sana. Huku tunajua kumsifu mwenye ng'ombe wa maziwa na mwenye kahawa. Mlisha samaki huonekana mtu anayetupa punje majini na kwenda zake. Mimi naihesabu kuwa mojawapo ya kazi ngumu zaidi za ufugaji, kwa sababu mfugo mwenyewe hana sauti, hana joto la kupapasa, na anaishi mahali ambapo mlishaji hawezi kuingia.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyevuma kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, nao wakapandikizwa katika mto Gura unaoporomoka kutoka Nyandarua. Reli haikuwa imefika Nyeri wakati huo. Mayai ya trauti huharibika yakipata joto, kwa hiyo ilibidi yalindwe katika ubaridi tangu yalikotoka hadi mlimani. Mwaka 1910 wakafuata trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Hakuna aliyekuwa na nia ya kumlisha mwananchi. Walowezi walitaka mchezo wa ndoana kwenye mito waliyoiona inafanana na ya kwao: Gura, Chania, Thego, Burguret, Sirimon, Thiba. Wakikuyu wa zama hizo hawakuwa walaji wa samaki, na hata leo utapata bibi Nyeri ambaye atakupikia kila kitu isipokuwa hicho.

Mwaka 1948 vilianzishwa vituo viwili vya kufugia samaki: Sagana, kwa samaki wa maji ya uvuguvugu kama tilapia, na Kiganjo, jirani na Nyeri mjini, kwa trauti. Kwa barabara havikuachana sana. Lakini Sagana iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kiganjo imepanda juu zaidi kwa mamia ya mita, na mteremko huo ndio unaoamua nani atanenepa wapi. Nitaurudia, maana samaki wengi waliokonda wa Nyeri wamekondeshwa na mteremko huo.

Anayetaka kuelewa ukondefu aanze na trauti aliyeanguliwa karibuni. Jike hukamuliwa mayai kwa mkono, tumbo likisukumwa taratibu kuelekea mkiani juu ya beseni kavu. Mbegu za dume hukamuliwa juu ya mayai hayo, zikachanganywa, ndipo maji yakaongezwa. Katika maji ya nyuzi 10 mayai huchukua mwezi mmoja hivi kuanguliwa, na kinachotoka hakijawa samaki kamili. Ni macho mawili, uti mwembamba, na mfuko wa kiini wenye rangi ya machungwa uliobandikwa tumboni. Kwa wiki mbili tatu kifaranga hulala chini ndani ya trei akijilisha kwa kiini chake, na mhudumu hana kazi kubwa ila kumkinga na mwanga mkali, kuangalia maji yasisimame, na kuwatoa waliokufa.

Kiini kinapokaribia kwisha, vifaranga huanza kupanda juu. Hapo ndipo ufundi unapoanza. Kuna siku chache, na ni chache kweli, ambazo kifaranga hujifunza kuwa chembe inayopita mbele ya macho yake ni chakula. Ukimlisha mapema mno, chembe huzama, zikaoza na kumziba mashavu. Ukichelewa, nguvu za kupanda humwishia, na baadaye hata ukizungusha chakula kila upande wake hatafumbua mdomo. Katika kila kizazi wapo wa namna hiyo: kichwa kinakua, mwili haukui, na mwisho wao unajulikana mapema. Mlishaji huwatambua kabla hawajafika hapo kwa jinsi wanavyoogelea, wakielea karibu na ukingo huku pua zimeelekea juu, wakati wenzao wote wameukabili mkondo.

Chakula cha kwanza ni unga laini ambao karibu nusu yake ni protini. Kabla vyakula vya viwandani havijaenea, vituo vya trauti duniani vilikuwa vikiwasagia vifaranga maini, na maji yalichafuka vibaya. Siku hizi unga hunyunyizwa kwa vidole viwili, mara nane au kumi kwa siku, kidogo kidogo. Zipo mashine zinazoweza kufanya hivyo, na shamba kubwa haliwezi kuzikwepa. Lakini mashine hainyanyui shingo. Mtu aliyezoea hurusha mbano mmoja, akangoja, akatazama nani ameruka na nani hakuruka, kisha ndipo anarusha wa pili. Ukimtazama kwa mara ya kwanza utadhani ni mvivu, maana muda mwingi mkono wake umesimama hewani.

Naye harushi popote. Trauti wenye nguvu hukaa pale maji yanapoingilia, kwenye hewa nyingi. Wanyonge husukumwa nyuma. Akilisha mbele tu, wanene watanenepa na wembamba watakonda, na jioni ukipima jumla ya chakula utaona kimetosha wote. Kwa hiyo huanza mbele, akawashibisha wababe mpaka mruko wao upoe, halafu akashuka taratibu kando ya mfereji na kuwalisha wa nyuma ambao sasa hawabughudhiwi. Chakula ni kilekile na uzito wake ni uleule. Kilichobadilika ni mahali na wakati.

Hata hivyo dawa kubwa ya trauti mwembamba haimo chakulani. Ni kuwatenga kwa ukubwa. Kifaa chake ni sanduku ambalo kitako chake ni fito zilizopangwa kwa nafasi sawa: wadogo hupenya, wakubwa hubaki. Samaki hunyimwa chakula kwanza siku nzima, kwa maana tumbo lililojaa likishikwashikwa huleta vifo. Kazi hiyo hurudiwa kila wanapoanza kupishana, maana trauti aliyewapita wenzake hatosheki na kuwanyang'anya, huwala. Wale wembamba wakiwekwa peke yao hubadilika kwa namna inayoshangaza. Wengi hawakuwa wagonjwa. Walikuwa na hofu, na samaki mwenye hofu hali.

Mwenye kupenda hesabu ana kipimo chake, nacho ni cha zamani na rahisi: uzito kwa gramu mara 100, ugawanywe kwa urefu wa sentimita uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Trauti wa sentimita 30 mwenye gramu 300 anapata 1.1, naye yuko sawa. Mwenye urefu huohuo na gramu 200 anapata 0.74, na huyo hata bila mizani ungemwona. Kipimo hiki hakifai kwa samaki wa dhahabu wa tumbo la mviringo, ambaye hupata alama kubwa hata akiwa mgonjwa. Wafugaji wazoefu hukitumia kuthibitisha walichokwisha kukiona, na nadhani huo ndio utaratibu mzuri wa kutumia kipimo chochote.

Trauti wakubwa wakilishwa, uso wa maji huchemka. Mgeni hufurahia mchemko huo na kutaka uendelee. Mlishaji huusubiri upungue, kisha anaacha kabla haujatulia kabisa, wakati bado wanataka kidogo. Punje ya mwisho inayozama bila kuliwa ni hasara mara mbili: imenunuliwa, na sasa itaoza. Katika mvua za Machi hadi Mei mito hushuka ikiwa na rangi ya udongo, na siku kama hizo hawalishwi, au hulishwa kidogo sana. Trauti huwinda kwa macho. Asichokiona hakili, na tope lenyewe tayari linamsumbua mashavuni.

Kuna jambo lingine ambalo mtu wa pwani hawezi kulijua bila kuambiwa. Kwenye kimo cha mita 1,800 mgandamizo wa hewa ni kama nne ya tano tu ya ule wa Mombasa, na maji ya joto lilelile hubeba oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Samaki aliyekula anahitaji oksijeni zaidi kumeng'enya alichokula. Katika bwawa lenye majani ya kijani oksijeni hufika chini kabisa alfajiri, kwa sababu mimea nayo imepumua usiku kucha. Mlishaji wa mabwawa ya juu hangoji kuelezwa hayo kwa hesabu. Husubiri jua lipande, akatazama kama samaki wanavuta hewa juu ya maji, ndipo anapofungua ndoo yake.

Sasa turudi kwenye mteremko, yaani kwenye baridi. Mwaka 2009 serikali, kupitia mpango wake wa kuchangamsha uchumi, iliamua kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneobunge 140, mengi yakiwa ya mita za mraba 300. Nyeri ilipata mabwawa yake, na hata kiwanda kidogo cha kusindika samaki kikajengwa Wamagana, Tetu. Tilapia wakapandwa. Tilapia hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 hamu yake hupungua sana, na karibu na 16 huacha kula. Wastani wa joto la Nyeri mwaka mzima hauzidi sana nyuzi 17. Mwenye bwawa alikuwa akimwaga pumba za mpunga wa Mwea zilizochanganywa na omena, chakula kizuri kabisa, kwa samaki ambaye mwili wake umezimika. Chakula kilioza, maji yakaharibika, samaki wakabaki na urefu wa kiganja mwaka baada ya mwaka, na mabwawa mengine yakageuka makao ya vyura. Waliofanikiwa waliyatafutia mabwawa yao mahali penye jua, wakayapunguzia maji mapya ya mtoni, na wengine wakayajengea paa la karatasi ya nailoni kama la nyumba za maua. Hao hawakugundua chakula kipya. Walitengeneza joto, na chakula cha zamani kikaanza kufanya kazi.

Kosa hilohilo huingia sebuleni. Katika duka moja la samaki wa mapambo Nyeri mjini nilisikiliza mazungumzo kati ya mwenye duka, mzee mtulivu mwenye sweta la kufuma, na mama aliyekuja na malalamiko.

"Mzee, hawa gapi wangu wanakula lakini hawanoni."

"Wanakula saa ngapi, mama?"

"Kila nikipita pale kwa meza natupia kidogo."

"Na usiku tangi unalifunika?"

"Samaki nifunike? Kwani ni watoto?"

"Funika, mama. Hao ni watu wa joto. Wanameza tu, lakini tumbo limelala."

Alichosema mzee yule ndicho kinachoandikwa kwenye vitabu vya elimu ya samaki kwa kurasa nyingi. Damu ya samaki hufuata joto la maji. Gapi na samaki malaika asili yao ni maji ya joto ya Amerika ya Kusini, nao wanataka nyuzi 24 hadi 28. Nyumba ya mawe ya Nyeri mwezi Julai, ukungu ukiwa umeshuka hadi barabarani, huweza kuwa chini ya hapo kwa nyuzi kumi usiku kucha. Vimeng'enyo hulegea, utumbo husogea polepole, na chakula hutoka kikiwa nusu hakijatumika. Jibu ni kipasha joto kinachojizima chenyewe, na siku umeme unapokatika, blanketi kuuzunguka mwili wa tangi na chupa za maji moto zilizofungwa vizuri zikielea ndani. Asiyetaka gharama hiyo afuge samaki wa dhahabu au koi, ambao baridi ya Nyeri kwao ni hali ya kawaida.

Lakini samaki wa dhahabu naye ana siri yake: hana mfuko wa tumbo. Chakula hutoka kooni kikaingia moja kwa moja kwenye utumbo mrefu. Hawezi kuweka akiba ya mlo mkubwa, na ndiyo maana kutwa nzima anachokonoachokonoa changarawe na kuomba kila anayepita. Ukimpa mara moja kwa wingi, sehemu kubwa hupita tu, tena pengine ikamfungia choo na kumfanya aelee kichwa chini. Mlishaji mzuri humgawia kidogo mara tatu au nne, na humchanganyia majani na nafaka. Huku kwetu kuna kitu kinachomfaa kuliko vidonge vingi vya bei ghali, nacho ni minji. Minji ya Kieni huchemshwa dakika chache, ikamenywa ganda, ikapondwa kwa kidole. Anaipenda, inamsafisha utumbo, na haimnenepeshi vibaya.

Utaratibu wa kumrudisha samaki aliyekonda kwa kweli, yule wa mgongo mkali, ni mrefu na hauna jambo la kuvutia. Huhamishiwa kwenye tangi la pembeni lililokwisha kutumika kwa muda, penye kivuli na mahali pa kujificha. Nusu ya maji hutoka kwenye tangi lake la zamani. Siku ya kwanza halazimishwi kula. Ya pili hupewa kitu kinachotikisika, kwa kuwa mwendo huamsha hamu hata pale harufu imeshindwa: viluwiluwi vya mbu kutoka pipa la maji ya mvua, viroboto wa maji, au mnyoo wa ardhini aliyechimbuliwa chini ya mgomba, akaoshwa na kukatwa vipande visivyozidi ukubwa wa jicho la samaki. Ukubwa wa jicho ndio kipimo kizuri, kwa sababu jicho la samaki na mdomo wake huenda sambamba.

Vifaranga wa mapambo hupewa kiini cha yai lililochemshwa, kikachujwa kwa kitambaa hadi kiwe kama wingu, ila kinachobaki lazima kinyonywe kwa mpira mwembamba kabla hakijaoza. Bora zaidi ni kamba wadogo wa maji ya chumvi, artemia, ambao mayai yao makavu huanguliwa kwa siku moja katika maji ya chumvi yenye joto. Kenya inao. Waliingizwa katika mabwawa ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, katika miaka ya 1980. Bado muuzaji wa Nyeri mara nyingi hununua kopo lililotoka mbali.

Samaki aliyekonda akianza kula, kishawishi ni kumshindilia. Mlishaji mvumilivu hukataa. Chakula chenye mafuta mengi kwa samaki aliyedhoofika hujaa kwenye ini, tumbo likavimba huku mgongo ukibaki na makali yake, na mwenye samaki akafurahia unene wa uongo. Mgongo hurudi wa mwisho. Katika maji ya huku utahesabu wiki nyingi, na wakati wote huo kazi ni ileile: kidogo, tazama, ondoa mabaki, badilisha robo ya maji, kesho tena. Sijui kazi nyingine ya mkono ambayo siku yake bora kabisa haina kitu cha kumwonyesha mgeni.

Maji ya kubadilishia nayo hayatoki bombani na kuingia moja kwa moja. Maji ya mji hutiwa klorini, na klorini huunguza mashavu ya samaki na kuua bakteria wanaoishi kwenye sponji ya chujio. Bakteria hao ndio hugeuza mkojo na mabaki kuwa kitu kisicho na sumu kali, na tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita kuwapata, baridini zaidi ya hapo. Kwa hiyo maji hulala kwenye ndoo iliyo wazi usiku kucha, na sponji husuuzwa kwa maji yaliyotolewa tangini, kamwe si kwa ya bomba. Maji ya Mlima Kenya yana jambo lake pia. Ni laini, hayana madini mengi ya kuyashikilia, hivyo uchafu kidogo huyageuza kuwa ya ukali upesi. Samaki katika maji hayo hali, na mwenyewe akaenda kununua chakula kingine.

Pia kuna wembamba ambao jicho lazima liutambue kuwa si wa chakula wala wa baridi. Kinyesi cheupe kinachoning'inia kama uzi kinaonyesha utumbo unaomwaga ute. Nyuzi nyekundu zinazochungulia kwenye tundu la haja ni minyoo, nao hutibika. Dawa inayotumika sana, levamisoli, ndiyo ileile inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo kwa ajili ya mbuzi na kuku, lakini kipimo cha mbuzi hakigawanywi kwa kukisia. Muulize daktari wa mifugo. Samaki anayekonda polepole huku akila, mgongo ukapinda, magamba yakapoteza rangi, huenda ana kifua kikuu cha samaki. Huyo hatibiki kwa namna ya kutegemewa, na vijidudu vyake huweza kuingia kwenye ngozi ya mtu kupitia kidonda. Mlishaji mzoefu mwenye mkwaruzo mkononi hatii mkono majini bila glavu. Kujua yupi wa kuacha kumpigania ni sehemu ya ufundi huo pia, na nimeona mikono iliyozoea ikifanya hivyo bila maneno mengi.

Chakula chenyewe, ambacho ndicho kila mtu huanza nacho, nimekiacha hadi huku kwa makusudi. Yako mambo mawili tu. Nunua kidogo, kwa sababu vitamini C hufa mapema na mafuta huchacha mara kopo linapofunguliwa, hasa lile lililoning'inizwa dirishani juani. Na usibadilishe chapa kila wiki ukitafuta muujiza. Samaki wa dhahabu anatosheka na chakula ambacho theluthi yake hivi ni protini. Trauti mchanga anataka karibu nusu. Mengine yaliyoandikwa kwenye kopo ni ya mwenye kiwanda.

Kama unaye samaki aliyekonda nyumbani, Nyeri au Nanyuki au popote huko juu, wiki hii usimnunulie chakula kipya. Nunua kipimajoto, ukitie majini jioni, na ukisome alfajiri kabla jua halijagusa dirisha. Kisha umtazame kwa juu.